Eustache, Fundi wa Diski Asiyejua Kukataa

Ukitaka kumjua Eustache usimwangalie usoni, mwangalie sikio. La kulia limelala kidogo mbele, kama la mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, na kweli kusikiliza ndiyo kazi yake. Mtu akileta diski, Eustache anaipa umeme, anaiinua mpaka sikioni, anafumba macho. Diski nzima huvuma kama friji ya tajiri. Diski mgonjwa hugonga: tik, tik, tik, kimya, halafu inaanza tena. Hapo utamwona anakunja uso kama ameng'atwa yeye.

Mimi ni jirani yake. Nauza dagaa wa Kigoma na mawese hapa Nyabugogo, kando ya stendi ya mabasi, mlango kwa mlango, tumegawana ukuta na tumegawana harufu. Wateja wake wengine wanaingia kwake wameziba pua. Nawaambia zibeni tu, lakini sijasikia mtu aliyekufa kwa harufu ya dagaa, waliokufa kwa njaa ndio wengi.

Eustache ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka. Wengi hapa kila kitu kwao ni "iko": gari iko, mama iko, njaa iko. Sikatai, tunaelewana na dagaa wanauzika. Baba yake alikuwa fundi redio, naye akaanza kushika bisibisi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Alirudi huku kijana, baada ya vita, akaenda kusini kuwatafuta ndugu za baba yake. Hakumkuta mtu. Hakukuta hata picha. Aliniambia mara moja tu, huku anakunja waya, na mimi sikumwuliza tena. Kuna mambo huku hayaulizwi mara mbili.

Kazi yake nyingi ni ya kuchekesha. Anakuja karani wa kampuni ya mabasi, jasho linamtoka.

"Fundi, flashi haisomi. Imekufa, na ripoti ya bosi imo humo."

"Uliichomeka wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta ina mbele na nyuma, kaka. Mbele umeme wake mara nyingi ni wa kuombaomba. Jaribu nyuma."

Inachomekwa nyuma, inasoma. Mwingine analeta diski ya nje, amekwisha kuifanyia matanga, kumbe waya ndio umekatika ndani. Waya mpya, maiti anafufuka. Na kuna yule mfanyabiashara wa saruji wa Kinyinya ambaye kompyuta ilimwuliza kama iifomati flashi yake, akajibu ndiyo kwa kuwa aliona ni swali la adabu.

"Mzee," Eustache alimwambia, "kompyuta ikikuuliza hivyo, ni mgeni anayebisha hodi na kuomba aichome nyumba ndipo aingie. Sema hapana! Hapana, halafu uje kwangu."

Ajabu yake ni hiyo sasa. Anawafundisha watu wote kuiambia mashine hapana, na yeye mwenyewe sijapata kumsikia akimwambia mtu hapana. Siku moja mwenye pikipiki alimletea flashi iliyopitiwa na basi. Imekuwa bapa kama chapati. Eustache akaigeuzageuza, akasema kwa upole, "Tutaangalia."

"Mtaangalia nini?" niliuliza kutoka kwangu. "Hiyo imebaki kifuniko!"

"Mama Frida, mwache mtu aondoke na moyo wake."

Ndivyo alivyo. Na ndivyo ilivyotaka kumponza kwa diski ya mama Donatille.

Mama Donatille ni mjane anayekaa Kanombe. Mumewe, mzee Sibomana, alifanya kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo, mpaka akastaafu. Binti yao, Aurore, aliposwa, ikafanyika gusaba, ile siku familia ya mume inakuja kuomba msichana, wazee wanataniana na kutegana kwa maneno mpaka ng'ombe wanatolewa. Mwisho mzee Sibomana alisimama akambariki binti yake. Mpiga video alichukua yote, akayamimina kwenye diski ya Aurore, akafuta kadi zake maana Jumamosi ile nyingine alikuwa na harusi. Watu wakawa wanasema tutatengeneza nakala, tutatengeneza nakala. Mwaka haukuisha, mzee akaugua, akafariki.

Mama Donatille hakuwa na sauti ya mumewe mahali pengine popote. Mzee alikuwa hapendi simu, na ujumbe wa sauti alisema ni mambo ya wavivu. Sasa siku wanaichomeka diski kwenye televisheni ili wamsikie, mtu akapita, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka sakafuni huku inazunguka.

Walikuja nayo imefungwa kwenye kitenge, mama na binti. Eustache akaisikiliza. Tik, tik. Akaichomeka. Ikakaa, ikakaa, halafu kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina: GUSABA AURORE. Mama Donatille akashika mdomo. Kabla hata hajavuta pumzi, jina likapotea.

"Yumo," alisema mama. "Umeona? Yumo humo ndani."

"Yumo," alijibu Eustache. "Ila amechoka. Mwacheni kwangu."

Mnasikia lugha hiyo? Alisema "amechoka" kama anasema mtu kitandani. Na ukishasema hivyo kwa watu wa hapa, umejitia kitanzi, maana mgonjwa haachwi peke yake.

Mama Donatille alirudi baada ya siku chache, amepanda basi kutoka Kanombe, mkononi chupa ya maziwa ya moto.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anapumua, mama."

"Naweza kumsikia?"

Eustache akaichomeka. Ikavuma, ikagonga, mama akasikiliza ameinamisha kichwa, akasema Mungu ni mwema, akammiminia fundi maziwa, akaenda zake. Kesho yake akaja wifi yake, Béatha, na ndizi mbivu. Diski ikawashwa, ikamvumia. Halafu akaja jirani yao. Halafu mzee mmoja aliyefanya kazi na marehemu uwanja wa ndege, amevaa koti, amekuja na juisi! Juisi ya diski, jamani. Na kila mmoja Eustache anamwashia, kwa kuwa mtu hawezi kutoka Kanombe kuja kumwona mgonjwa halafu umfungie mlango usoni.

Mimi nauza dagaa, shule yangu iliishia la saba, lakini macho ninayo. Siku moja wageni walipoondoka nikaingia kwake.

"Hivi Eustache, hicho kinachogonga humo ndani ni nini?"

Akanieleza. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka mbio, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kuigusa, kama mkono unaopita juu ya mtoto aliyelala. Diski ikianguka, kichwa kinapinda, kinaanza kugusa. Kikigusa kinakwaruza.

"Na kinakwaruza nini?"

"Kile kile tunachokitafuta."

"Kwa hiyo kila ukiwawashia wageni…"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Unajua, na bado unawasha?"

Akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. "Nimwambie nini mama wa watu? Nimwambie asije? Ataona nimemtupa. Nikipata tu nafasi ya utulivu nitainakili yote kwa pamoja."

"Nafasi utaipata wapi, na hapa pamekuwa wodi?"

Akatabasamu. Kwake tabasamu ndilo jibu la kila kitu, na mtu kama huyo huwezi hata kugombana naye ukamaliza.

Walioimaliza kazi walikuwa kwaya. Ndiyo, kwaya ya parokia yao, marehemu alikuwa akiimba besi. Walijaa mpaka kwangu, mmoja amekaa juu ya gunia langu. Wakaimba wimbo mmoja, taratibu, vizuri sana, siwezi kusema uongo, hata wapagazi wa stendi walisimama na mizigo vichwani. Halafu wote wakanyamaza wamsikie mgonjwa. Eustache akachomeka. Diski ikakwangua kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga, ikaguna mara moja, ikanyamaza. Haikuvuma. Haikugonga. Taa yake tu ndiyo iliwaka.

"Amelala," Eustache aliwaambia. "Tumwache apumzike."

Wakamshukuru, wakaenda. Alibaki amekaa na lile sikio lake halina la kusikiliza. Nikawa napanga dagaa nikimwangalia. Mwisho akaja mlangoni kwangu.

"Mama Frida, kesho unisindikize Kanombe."

"Tukafanye nini?"

"Kubika."

Nilitaka kucheka, nikaona hana utani. Kubika ni kupeleka habari ya kifo. Huku habari hiyo haisemwi kwa simu wala mlangoni. Mnakwenda watu kadhaa, mnaketi, mnazunguka na maneno ya mvua na mazao, mpaka mwenyewe aanze kuelewa kabla hamjasema. Sasa huyu bwana alitaka tuvae nguo za heshima twende tukatangaze kifo cha diski.

"Keti hapo," nilimwambia. "Imekufa au umeogopa?"

"Haizunguki."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Akaketi. "Kichwa kimeng'ang'ania sahani, basi. Ninaweza kuifungua nikakibandua. Nimewahi. Lakini diski ikifunguliwa, vumbi linaingia, vumbi ni sumu yake. Itafanya kazi mara moja tu, labda, halafu basi. Mara hiyo moja ninakili ninachoweza, isiguswe, isioneshwe mtu. Na inaweza kufa mkononi kabla haijatoa hata neno."

"Basi kamwambie mwenye mali hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Kwako ni rahisi, wewe huna…"

"Mimi sina nini?"

"Wewe unasema tu," akamalizia, ile "haya" ameimeza, na alikuwa amejiokoa.

Hatukwenda Kanombe, kwa sababu asubuhi iliyofuata mama Donatille alikuja mwenyewe, peke yake, na chupa yake ya maziwa. Nilikuwa tayari nimejifunga kitenge kiunoni nimzuie mimi, maana nilijua Eustache atamwashia hata taa ya ukutani alimradi mama afurahi. Kumbe alinitangulia. Alitoka akasimama mlangoni pake, mikono yote miwili kwenye fremu.

"Mama, leo hutamwona."

Mama Donatille akasimama. "Kuna nini?"

"Haizunguki tena. Na nimeiumiza mimi. Kila mlipokuja niliwasha ili msikie, na kila nilipowasha ilikuwa inajikwaruza. Nilijua. Niliona haya kuwaambia msije."

Yule mama alimtazama mpaka nikaona huruma kwa fundi. Nikasema moyoni, sasa kofi.

"Uliona haya?" alisema mama Donatille. "Mwanangu, na sisi je? Mimi magoti haya yananiuma, basi lile linanitikisa mpaka mifupa. Béatha ameacha duka lake. Unadhani tulipenda? Tulisema fundi ataona tumemtupia mgonjwa wetu, hatujali, naye ataacha kumhangaikia!"

"Mlikuja kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako! Na yale maziwa?"

"Maziwa mimi huwa yananisumbua tumbo, mama," alisema Eustache, polepole. "Nilikunywa kwa heshima."

Nilishindwa. Nilicheka nikashika ukuta, na mama Donatille naye akacheka, halafu akalia, vyote pamoja, amekaa kwenye gunia langu. Adabu! Adabu ya pande mbili ilikuwa imeikwangua sauti ya mtu mpaka karibu imalizike.

Alipojifuta uso, Eustache alimweleza yote kama alivyonieleza mimi. Kufungua, vumbi, mara moja tu. Hakuzunguka na mvua wala mazao.

"Na usipoifungua?"

"Itabaki hivi. Pengine siku moja mtapata wa kuipeleka nje, mafundi wenye vyumba visivyo na vumbi. Sijui. Mimi ninasema ninachoweza mimi."

"Itanibidi nifikirie," alisema mama. Akafikiri pale pale, ameshika ile chupa ya maziwa kifuani. Nilimwona anaangalia stendi, mabasi yanapiga honi, makondakta wanaita Huye, Huye. "Mimi si kijana wa kusubiri hiyo siku moja. Fungua."

Eustache alingoja siku ya mvua, maana mvua ikipiga Nyabugogo vumbi linalala. Nyumbani kwake anakolala, Kinyinya, kusingefaa, kila jirani anajenga, huko hata chai ina saruji. Aliniomba nisipepete dagaa. Nilifunga duka kabisa, nikaweka kiti changu mbele ya mlango wake, nikawa bawabu. Walikuja watu.

"Fundi iko?"

"Yuko, ila haonekani."

"Nina flashi tu, haisomi."

"Umeijaribu nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya kompyuta! Nenda kajaribu, ikikataa urudi kesho."

Akaja hata yule mzee wa koti na juisi nyingine. Nikamwambia mzee wangu, mgonjwa yuko kwenye upasuaji, juisi niachie mimi. Akaniachia. Nzuri, ya maracuja, yale matunda ya pasheni.

Ndani sikuingia. Nilichungulia kwenye ufa tu. Eustache alikuwa ameingiza mikono kwenye boksi la plastiki lenye kioo juu, amevaa glavu, amejifunga kitambaa mdomoni, na hapumui karibu. Aliizungusha sahani kidogo kwa ncha ya bisibisi, akakibandua kile kichwa jinsi mtu anavyobandua kigaga cha mtoto. Halafu akafunika, akaunganisha waya. Ukimya. Halafu nikasikia, hata mimi nje na mvua ile: mvumo. Hakushangilia. Alikaa tu anaangalia kompyuta inavyonakili. Ile programu ikikuta mahali palipokwaruzwa inaruka, inachukua pazima kwanza, halafu inarudi kubembeleza pabovu. Jioni diski ilikwangua mara ya mwisho, na safari hii ilikufa kweli.

Kesho yake wakaja mama Donatille na Aurore. Aurore alikuwa mjamzito, tukampa kiti. Niliingia na mimi, nani angenizuia?

Eustache hakuanza na video. Alisimama kwanza.

"Mama, ninasema kabla hujaona. Ngoma zipo, ng'ombe wapo, wazee wa upande wa mume wapo wote. Ile baraka aliyoisema mzee mwishoni haikutoka. Nimetafuta. Hakuna."

Aurore aliinamisha kichwa. Mama yake alimshika mkono.

"Hakuna hata kidogo?"

"Hakuna, mama."

Lile neno nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Lilimtoka bila kutetemeka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Lakini kuna kipande," alisema. "Mwanzoni, kabla ya wageni kuingia. Ni kifupi."

Akakifungua. Picha ilikuwa imekatikakatika, vipande vya kijani na vya zambarau, hema, viti vyeupe, halafu uso wa mzee, nusu yake, amevaa umushanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, anakinga macho kwa mkono. Sauti ilikuwa nzima. Sauti nzito, ya besi, ya mtu aliyezoea kusema katikati ya kelele za injini:

"Weee kijana, ondoa hiyo taa usoni mwangu! Mimi ni ndege? Unataka nitue hapa?"

Watu nyuma yake wakacheka, na kipande kikaishia kwenye kicheko.

Halafu mama Donatille akaanza kutikisika mabega, nikajua analia, kumbe anacheka.

"Ni yeye," alisema. "Aurore, sikia. Ile baraka alikuwa ameikariri wiki nzima, anaisema kwenye kioo, na sauti ya mashaka kama padri mgeni. Sikuwa naipenda. Huyu ndiye aliyekaa nami nyumbani."

"Baraka mimi niliisikia, mama," alisema Aurore. "Ninayo."

"Basi kaa nayo. Mimi niachie huyu." Akamgeukia Eustache, mara akasita, mkono ukabaki hewani. "Naweza kusikia tena? Au itaumia?"

"Haiumii, mama. Hii ni nakala, iko ndani ya kompyuta, na nimekuwekea nyingine mbili. Sikia utakavyo."

"Washa."

Akawasha. Mzee akaulizia kama yeye ni ndege. Mama akacheka pale pale alipocheka mwanzo. Akasema washa tena. Mlangoni mtu aliita dagaa, kilo mbili, mwenyewe yuko wapi, nami nikamjibu angoje.